Kabla Hujabisha Hodi Kwenye Taasisi ya Utafiti

Alfajiri moja ya mwezi wa saba, kijana anayelinda vizimba vyetu vya samaki huku Luchelele, Mwanza, alinipigia simu. "Mama, sato wanahema juu ya maji." Nilipofika ufukweni jua lilikuwa limeshachomoza, na kizimba cha tatu kilikuwa cheupe kwa matumbo ya samaki. Niliokota wanane, nikawatia kwenye mfuko, nikachota maji kwenye chupa ya soda, nikapanda bodaboda kutafuta ofisi yoyote yenye neno "utafiti" kwenye kibao chake.

Ofisi ya kwanza haikuhusika na samaki kabisa. Ya pili walinisikiliza vizuri, wakanielekeza kwingine. Nilipompata mtu sahihi ilikuwa saa tisa alasiri na samaki walikuwa wananuka. Aliutazama mfuko, akafungua shavu la mmoja, akasema kwa upole, "Mwanangu, hawa hawana cha kutuambia tena. Walianza kuhema saa ngapi? Upepo ulikuwa unatoka wapi? Kizimba kiko kwenye kina gani?" Sikuwa na jibu hata moja, na siku hiyo nilirudi nyumbani bila msaada wowote wa maana.

Ndiyo maana nakuandikia wewe unayefuga, unayelima au unayeishi kando ya Ziwa Victoria. Serikali haina ghala moja la watafiti. Kazi imegawanywa kwa sheria, na kila taasisi ina mlango wake. Samaki na ziwa ni kazi ya TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, iliyoundwa kwa sheria ya 1980, na kituo chake cha Mwanza kiko Nyegezi. Magonjwa ya binadamu ni ya NIMR, ya sheria ya 1979, ambayo kwetu iko Isamilo. Mazao ni ya TARI, na kituo chetu ni Ukiriguru kule Misungwi, ambako pamba imetafitiwa tangu enzi za mkoloni. COSTECH, tume iliyoundwa kwa sheria ya 1986, ndiyo inayoratibu na kutoa vibali vya utafiti. Kwa hiyo usiende huko na samaki wako.

Ukishaujua mlango, kazi bado. Ndani ya taasisi ya uvuvi kuna wanaokadiria wingi wa samaki ziwani, kuna wa ubora wa maji, kuna wa ufugaji, na kuna wanaofuatilia uchumi wa kaya za wavuvi. Mtu anayepima urefu wa sangara mwaloni si lazima awe na kifaa cha kupima hewa ndani ya maji. Mimi nilifika nikisema "samaki wangu wanakufa." Hilo ni kilio, na mtafiti hawezi kuanzia hapo. Swali lingekuwa hivi: "Sato wangu wa miezi minne wanahema juu kuanzia saa kumi alfajiri, jua likipanda wanatulia, na imetokea siku mbili mfululizo upepo ukivuma." Ukisema hivyo, hata mtu wa mapokezi anajua akupeleke kwa nani.

Baadaye fundi wa maabara alikuja kizimbani kwetu kabla hakujapambazuka. Alishusha waya wenye kipimo, akasimama kila mita moja, akasubiri namba itulie. Juu ya maji ilisoma zaidi ya miligramu 4 za oksijeni kwa lita. Chini ya wavu haikufika 2. Saa saba mchana tulirudia palepale, juu ikawa zaidi ya 7. Alinieleza kwamba mchana mwani unatengeneza hewa, usiku mwani huohuo unaivuta, kwa hiyo anayepima mchana tu anadanganyika. Halafu kuna ziwa lenyewe. Miezi ya mvua maji ya chini hukaa yamejitenga na kuishiwa hewa. Upepo wa kusini-mashariki wa Juni hadi Agosti ukivuma kwa nguvu huyachanganya na ya juu. Kizimba kilichofungwa kwenye ghuba ya kina kifupi hakina pa kukimbilia. Tulikisogeza chetu kwenye maji marefu zaidi, tukapunguza idadi ya samaki.

Na ile chupa yangu ya soda? Haikuwa na faida. Oksijeni hupimwa hapohapo ziwani, au maji yatiwe dawa ya kuikamata hapohapo. Ukipeleka samaki, peleka anayekata roho sasa hivi, ndani ya barafu, si aliyelala chali tangu jana. Wala usimgandishe.

Kwenye mihogo nitasema kifupi: majani yakiwa na batobato, anza na afisa ugani wa kata, na umwoneshe mmea mzima pamoja na mizizi, kwa sababu ugonjwa mwingine, michirizi kahawia, hujificha ndani ya muhogo wenyewe.

Kuna upande mwingine, pale watafiti wanapobisha hodi kwako. Majirani zangu wengi huwakimbia. Mimi nawasihi wasiwakimbie, ila waulize. Wasichana 930 wa hapa Mwanza, wenye miaka 9 hadi 14, walishiriki utafiti wa chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, uliochunguza kama dozi moja inaweza kutosha, na 2024 Tanzania ikahamia dozi moja. Kila ninapoliwaza hilo moyo wangu unajaa, kwa sababu ni watoto wa mitaa yetu. Lakini omba kuona kibali cha maadili, soma fomu ya ridhaa au usomewe kwa Kiswahili unachokielewa, baki na nakala, na ujue unaruhusiwa kukataa au kujitoa katikati bila kunyimwa matibabu. Uliza pia matokeo yatarudi lini kijijini. Hili la mwisho watu husahau kuliuliza, na nadhani ndilo linalostahili kuulizwa kwa sauti kubwa kuliko yote.

Siku hizi kwenye nguzo ya kizimba cha tatu linaning'inia daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Kijana anaandika saa, upepo, rangi ya maji, kilo za chakula, na waliokufa. Jana aliandika: saa kumi na moja alfajiri, upepo wa kusini, maji ya kijani, wamekula kidogo, hakuna aliyekufa.