Orvieto: anzeni kisimani, kanisa litawangoja

Msomaji mmoja ameniandikia kuniuliza kama kuna haja ya kulala Orvieto, mji wa kale wa Italia ya kati, ama inatosha kushuka kutoka katika treni ya Roma asubuhi, kulitazama kanisa kuu na kurudi jioni. Kwa kuwa wengi wenu, kama mimi, mnatamani kuielewa miji ya kale badala ya kuipitia tu, ninawajibu nyote kwa pamoja: laleni, na matembezi yenu yaanzie kisimani.

Mimi nilifika pamoja na kundi, na mwenzetu mmoja alipokitaja Kisima cha Mtakatifu Patrisi, mwongozaji wetu alijibu kwamba lile ni shimo tu. Neno hilo liliniuma na linaniuma hadi leo, kwa sababu lilitamkwa na mtu anayelipwa ili awafumbue wengine macho. Niliachana na kundi, nikakata tiketi, nikashuka peke yangu.

Orvieto imekaa juu ya jabali la tufu, jiwe laini la volkano, ambalo kingo zake zimesimama wima pande zote. Ni ngome ya asili, lakini ngome isiyo na maji haistahimili kuzingirwa, na hilo Papa Klementi VII alilijua vyema alipokimbilia hapa baada ya Roma kuporwa mwaka 1527. Alimwagiza msanifu Antonio da Sangallo Mdogo achimbe kisima, kazi iliyokamilika mwaka 1537, Papa mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Kinakwenda chini kiasi cha mita 53, na kina ngazi mbili zenye vidato 248 kila moja, zinazozunguka shimo lilelile bila kukutana, hata punda aliyeshuka na vyombo vitupu hakuweza kumzuia mwenzake aliyepanda na maji. Vidato ni vipana na vifupi, kwa kuwa vilipimwa kwa kwato. Mwanga hupenya kupitia madirisha 70 yaliyoelekea shimo la kati, na chini kabisa kidaraja huunganisha njia ya kushukia na ya kupandia. Nilisimama pale kwa muda mrefu, nikijivuna kwamba sikumsikiliza yule bwana.

Baada ya hapo kanisa kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1290, lilinisomekea kwa namna nyingine. Katika kuta zake, zenye mistari ya basalti nyeusi na travatini nyeupe, na katika michongo ya marumaru kwenye uso wa mbele uliosimamiwa na Lorenzo Maitani wa Siena kuanzia mwaka 1310, niliona mikono ya watu walioijua tabia ya kila jiwe. Msikose michoro ya Luca Signorelli katika kikanisa cha San Brizio, mkaitazame polepole.

Ndugu zangu, msikubali kuharakishwa na mtu asiyeupenda mji anaowaonyesha. Ulizeni maji yalitoka wapi, ulizeni jiwe lilitoka wapi, kisha ulizeni tena. Chini ya nyumba za Orvieto kuna mapango zaidi ya elfu moja, yaliyoanza kuchimbwa na Waetruski, watu walioishi hapa kabla ya Warumi, na katika baadhi yake kuta zimejaa vishimo vya kufugia njiwa. Ziara ya mapango hayo hufanyika pamoja na mwongozaji wa mji wenyewe, na tiketi hupatikana katika uwanja wa kanisa kuu. Vaeni viatu visivyoteleza.