Kabla Hujanunua Kopo la Unga wa Protini

Kila Januari, na tena vyuo vikifungwa, jimu yetu hapa Kondele, Kisumu, hujaa nyuso mpya. Jimu yenyewe ni mabati, sakafu ya simiti, na vyuma ambavyo vingine tulivichomelea wenyewe: paipu yenye mikebe ya zege huku na huku. Siku ya kwanza mgeni huuliza aanzie wapi. Siku ya tatu, kabla hata mapaja hayajamruhusu kushuka ngazi vizuri, hunivuta kando na kuninong'oneza: "Mkubwa, wewe hutumia gani?" Anamaanisha kopo.

Namwelewa, kwa sababu mimi nilianza na kopo. Nilikuwa na kilo 57, kibarua kwenye karakana ya kuchomelea karibu na soko la Kibuye, na pesa yangu ya kwanza ya maana niliipeleka dukani nikarudi na ndoo nyeusi yenye picha ya mwanamume asiye na shingo. Muuzaji aliniapia kuwa ni protini tupu. Miezi miwili baadaye nilikuwa nimeongeza kilo sita, zote tumboni na mashavuni, na mama akafurahi akidhani nimepandishwa cheo. Siku moja, nikingoja chai ichemke, niligeuza ile ndoo nikasoma maandishi ya nyuma. Kipimo kimoja kilikuwa gramu 150. Protini humo ndani, gramu 25. Karibu yote iliyobaki ilikuwa sukari na maltodekstrini, yaani wanga uliovunjwavunjwa hadi mwili unaumeza upesi kama sukari. Nilikuwa nimenunua uji mtamu kwa bei ya mbuzi.

Tuingie kwenye hesabu basi. Mtu asiyefanya mazoezi hutosheka na gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayenyanyua vyuma akitaka misuli ikue anahitaji mara mbili ya hapo, gramu 1.6 kwa kilo. Wapo wanaofika 2.2, ila ukishavuka 1.6 nyongeza inayopatikana ni ndogo mno kwa anayeanza. Ukiwa na kilo 60, lengo lako ni gramu 96. Sema 100, usiumize kichwa. Anayekuambia ule gramu 250 ana kitu anachouza.

Sasa tuzitafute hizo 100 hapa hapa mjini. Asubuhi mayai mawili ni gramu 12, glasi ya maziwa 8. Mchana kibandani, sahani ya madondo, yaani maharage, iliyojaa vizuri hukupa 15 na chapati mbili zikaongeza kama 8. Saa kumi, kiganja cha njugu karanga, 7. Nusu lita ya maziwa lala, yale yaliyochachushwa, 16. Tumefika 66 na bado hatujala cha jioni. Jioni ni ugali na omena, wale dagaa wa ziwani.

Kwa omena nitakaa kidogo. Vijana wanaiona chakula cha mwisho wa mwezi; wengine huona haya kuiagiza mbele ya msichana, kisha wanakopa pesa kununua kopo. Omena iliyokauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Gramu 40 tu, konzi moja au mbili kulingana na mkono wako, hukupa gramu 20 na zaidi, na kwa kuwa unaila na mifupa yake unapata kalsiamu juu. Ioshe kwa maji moto hadi mchanga uishe, ikaange kidogo, tia kitunguu na nyanya, na mwishoni maziwa kidogo ya kukata ule uchungu. Anayesema inanuka hajapikiwa na mtu anayejua. Mbuta na ngege, samaki wakubwa wa ziwani, sikatai; kipande cha gramu 100 kilichopikwa kina kama gramu 25, lakini bei yao si ya kila siku. Mgongo wazi, ule uti wa mbuta unaobaki viwandani minofu ikishaondolewa, una nyama kuliko unavyodhani, na mchuzi wake ndio ulionilea. Na mvua zikishuka kumbikumbi wakatoka, usiwaachie kuku. Jamaa zetu wa Kakamega na Vihiga walilijua hilo zamani.

Ugali nao watu huutukana bure. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kama gramu 8 za protini. Kasoro yake ni uhaba wa lisini, moja ya asidi za amino, matofali ya protini, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yana lisini tele, na kile yanachopungukiwa mahindi yanacho. Bibi zetu waliotupikia nyoyo, yale mahindi na maharage ambayo kwingine huitwa githeri, walikwisha kulifumbua fumbo hilo bila kusoma lebo yoyote.

Mimi ni fundi, sinunui chuma kabla sijajua bei ya futi moja. Chakula nakipima vivyo hivyo. Kopo langu la mwisho, kilo mbili na kitu, lilinigharimu shilingi 9,000 na lilikuwa na vijiko 70 vya gramu 24 za protini kila kimoja. Gawanya: shilingi 5 na senti kwa gramu. Yai la shilingi 15 lina gramu 6, hiyo ni shilingi 2.50. Kilo ya maharage makavu nilinunua 150, nayo ina gramu zaidi ya 200. Haifiki hata shilingi moja. Bei zitapanda na kushuka, lakini kugawanya ni kule kule. Fanya hesabu kwa simu ukiwa umesimama dukani, muuzaji akikutazama.

Utaniuliza kwa nini basi bado nanunua. Kwa sababu ya zamu. Kuna wiki tunachomelea mageti hadi usiku na hakuna kibanda kilicho wazi. Kijiko kimoja kwenye chupa ya maji safi ni bora kuliko kulala na chai kavu. Unga wa wei asili yake ni maziwa: jibini ikitengenezwa, maji yanayobaki huchujwa na kukaushwa. Hakuna siri nyingine ndani yake. Ikiwa siku nyingi unakula mara tatu na unafikisha gramu zako, unga hautakuongezea kitu. Mwendesha boda anayekula mara moja kwa siku, au nesi wa usiku, huyo utamsaidia. Na ile hofu ya kwamba usipokunywa ndani ya nusu saa baada ya mazoezi jasho lako limepotea, iache. Jumla ya siku nzima ndiyo inayohesabika zaidi.

Ukinunua, angalia uzito wa kijiko na protini iliyomo. Gramu 24 ndani ya 30 ni sawa. Gramu 15 ndani ya 30, rudisha rafuni. Angalia kama kopo limefungwa, tarehe ya mwisho, na kibandiko cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, cha bidhaa za kutoka nje. Ule unga unaopimwa kutoka ndoo kubwa na kutiwa kwenye mfuko usio na jina, usiuguse hata ukipewa bure. Na jaribu kidogo kwanza, kwa sababu wengi wetu tukishakuwa watu wazima tumbo haliivumilii sana sukari ya maziwa. Mimi nililijua hilo ndani ya matatu. Nilimwomba kondakta anishushe Ahero na sikusubiri chenji. Ukiwa hivyo, tafuta wei iliyochujwa zaidi, yenye protini karibu asilimia 90, au baki na maziwa lala, ambayo bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo.

Kreatini, unga unaoisaidia misuli kupata nguvu ya haraka, ni kitu kingine, na katika vyote vinavyouzwa makoponi ndiyo ninayoiheshimu. Gramu 3 hadi 5 kwa siku, basi. Itavuta maji ndani ya misuli na mizani inaweza kupanda kilo moja au mbili, usipige sherehe. Ukienda kupimwa damu mwambie daktari unaitumia, maana kipimo cha kreatinini, taka ambayo figo huichuja, kinaweza kupanda ukadhaniwa figo zimechoka. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse haya yote, hata kuongeza protini kwenye sahani, kabla ya kumwona daktari wake.

Vile vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kwenye bahasha, hapo sina utani. Mara nyingi ni deksamethasoni na siproheptadini. Ya pili ni dawa ya mzio ambayo huleta njaa na usingizi. Ya kwanza hufanya mwili ushike maji na uso uvimbe, hudhoofisha misuli ile ile unayoitafuta, na ukiitumia muda mrefu tezi zako za adrenali zinazembea. Ukiacha ghafla unaweza kuzimia au kufa. Sindano za steroidi za kujenga misuli nazo huzima kazi ya korodani. Na wewe unayecheza raga, ujue kwamba ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa za kusisimua michezoni, wakikupima, kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama kiliingia kupitia kopo lililochanganywa ovyo kiwandani.

Kuhusu vyuma vyenyewe sitasema mengi, utanikuta pale pale. Kila sehemu ya mwili mara mbili kwa wiki. Chuma unachoweza kunyanyua mara nane hadi kumi na mbili kwa mkao mzuri. Ukizifikisha kumi na mbili bila kuyumba, ongeza uzito kidogo. Wiki nane za mwanzo utapata nguvu haraka bila kuona tofauti kubwa kwenye kioo, kwa kuwa mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kwanza. Hapo ndipo wageni wengi hukata tamaa na kurudi kuuliza habari za kopo. Akina dada, msiogope chuma kizito; misuli ya kutisha haiji kwa bahati mbaya. Na lala. Saa nne za usingizi na simu mkononi zitakula kila yai ulilomeza.

Jipime Jumamosi asubuhi, kabla ya uji, uandike kwenye daftari. Robo hadi nusu kilo kwa wiki inatosha. Ikizidi hapo, na si maji ya kreatini, ujue mengi ni mafuta, kama yangu ya ile ndoo nyeusi. Mizani isiposogea wiki tatu, ongeza chapati moja na glasi ya maziwa, halafu ngoja wiki tatu nyingine.