Msitu wa Wales Huchaguliwa kwa Tarehe: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Mama yangu mzazi anakuja kunitembelea hapa Cardiff kuanzia katikati ya Aprili hadi mwishoni mwa Mei, na ningependa kumpeleka kwenye msitu wa asili wa mashambani Wales, si shamba la misonobari. Tatizo ni kwamba mwezi Februari nilipita kwenye msitu mmoja wa namna hiyo nikaukuta hauna hata jani, nikashindwa kuelewa wanaousifia wanaona nini. Nimpeleke lini na wapi, ukizingatia kwamba magoti yake hayawezi tena milima mikali? Na je, tunahitaji kibali au kiingilio?
Msomaji, Cardiff

JIBU: Miti uliyoiona Februari ilikuwa hai kabisa. Miti ya huko hupukutisha majani kwa sababu ya baridi na uhaba wa mwanga, kama mibuyu inavyopukutisha yake wakati wa kiangazi ili isipoteze maji. Mchana unapozidi kufupika mwezi Septemba, mti huivunjavunja klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, na kurudisha virutubisho vyake kwenye matawi na shina, na hapo rangi ya njano, ambayo muda wote ilikuwamo ndani ya jani ikifichwa na ukijani, hujitokeza. Kisha mti hujenga utando mwembamba wa seli pale kikonyo kinapoungana na tawi, na jani hukatikia hapo. Kufikia mwishoni mwa Novemba miti mingi huwa mitupu, na hubaki hivyo hadi Aprili.

Kwa hiyo msitu wa aina hii huchaguliwa kwanza kwa tarehe, mahali baadaye. Msitu wa kawaida uliotembelewa wiki yake huushinda kwa mbali ule mashuhuri uliotembelewa wakati usio wake, na kwa bahati njema mama yako anakuja wakati ulio bora kuliko wote. Tengeni siku kati ya wiki ya mwisho ya Aprili na katikati ya Mei. Katika majuma hayo machache ardhi imekwisha kupata joto lakini majani ya juu bado hayajaifunga anga, hivyo jua hufika hadi chini, na mimea midogo ya sakafu ya msitu huuwahi mwanya huo kuchanua kabla kivuli hakijarudi. Ya kwanza ni anemoni nyeupe, ambayo huanza Machi. Hufuata kitunguu saumu mwitu, ambacho harufu yake itawapokea kabla hamjakiona. Kisha huja blubeli, ambayo ndiyo hasa watu huifuata, kwa kuwa hufunika ardhi kwa rangi ya buluu ya zambarau mpaka mtu akasahau kutazama miti yenyewe.

Mkifika, litazameni ua moja kwa karibu. Blubeli ya asili ina shina lililoinama, maua yananing'inia upande mmoja, ncha za petali zimejikunja kwa nyuma, na chavua ndani yake ina rangi ya krimu. Mkikuta shina lililosimama wima, maua yamelizunguka pande zote na chavua ni ya buluu, hiyo ni blubeli ya Kihispania iliyotoroka bustani ya mtu, au chotara wake. Nawasihi msitoke kwenye njia hata kwa ajili ya picha, ingawa mtawaona wengi wakifanya hivyo: majani ya blubeli yakikanyagwa hayawezi tena kuilisha tunguu iliyo ardhini, na mche unaoota kutoka kwenye mbegu huhitaji miaka 5 au zaidi kabla ya kutoa ua lake la kwanza.

Kuhusu mahali, kwa mtu anayeishi Cardiff ningechagua sehemu ya chini ya Bonde la Mto Wye, mpakani mwa Wales na Uingereza. Udongo wake wa mawe ya chokaa huotesha mchanganyiko mkubwa wa miti: mwaloni, ashi, tilia, na ule mti wenye gome laini la kijivu ambao wataalamu wa mimea huuita Fagus, ambao majani yake machanga mwezi Mei huwa mepesi kiasi cha kupitisha mwanga. Treni kutoka Cardiff huenda moja kwa moja hadi Chepstow, na kutoka hapo barabara ya kwenda Monmouth hupita St Arvans na Tintern kandokando ya msitu. Mkienda kwa basi, hakikisheni ratiba ya kurudi kabla ya kuondoka, hasa siku ya Jumapili.

Msitu wa Wyndcliff, ulio karibu na St Arvans, una ngazi za mawe zilizojengwa mwaka 1828 na zinazojulikana kama Ngazi 365. Mama asikubali kushawishiwa kuzipanda. Yapo maegesho upande wa juu wa msitu, na kutoka hapo njia fupi huwafikisha mahali panapoitwa Eagle's Nest, ambapo mtaona Mto Wye ukijipinda chini ya miamba na, kukiwa na anga safi, madaraja ya Severn kwa mbali. Baada ya hapo shukeni Tintern, mkatazame magofu ya monasteri iliyoanzishwa mwaka 1131. Pale ukingoni mwa mto ardhi ni tambarare na magoti yatapumzika.

Kibali hakihitajiki mkifuata njia za umma za watembea kwa miguu, ambazo huonyeshwa kwa mishale ya njano na hulindwa na sheria hata zinapopita kwenye ardhi ya mtu binafsi. Mshale wa buluu maana yake ni kwamba wapanda farasi na baiskeli nao wanaruhusiwa. Katika sehemu kubwa ya misitu ya umma iliyo chini ya Cyfoeth Naturiol Cymru, taasisi ya maliasili ya Wales iliyoanza kazi Aprili 2013, mnaweza kutembea kwa miguu hata nje ya njia hizo, isipokuwa pale kazi ya ukataji inapoendelea. Kiingilio kwa kawaida hakuna, ingawa baadhi ya maegesho hutoza ada. Chukueni ramani ya karatasi ya Ordnance Survey yenye namba OL14, kwa kuwa mtandao wa simu hupotea bondeni, na vaeni viatu visivyoingiza maji, maana tope la misitu ile halijali kwamba ni Mei.

Jambo moja zaidi. Mtakuta miti mingi ya ashi imekauka vilele au imekatwa kabisa. Hayo ni matokeo ya ugonjwa wa kuvu uliothibitishwa Uingereza mwaka 2012, ambao huanzia kwenye majani na kuingia hadi kwenye matawi, ukiufanya mti uwe mwepesi kuvunjika. Siku ya upepo mkali ahirisheni safari, na njia ikifungwa kwa utepe msiivuke.

SWALI: Ninasoma Bangor, na mwenyeji wangu husema kwamba Wales ina msitu wa mvua. Je, ananitania?
Mwanafunzi, Bangor

JIBU: Hakutanii. Upande wa magharibi wa Wales hupokea unyevu wa Bahari ya Atlantiki mwaka mzima na majira yake ya baridi si makali sana, kwa hiyo mialoni ya huko imevikwa kigoga na kuvumwani kuanzia mizizini hadi matawini, na kangaga huota juu ya matawi yenyewe. Coed Ganllwyd, kaskazini mwa Dolgellau, ni mfano mzuri wenye maporomoko ya maji yaitwayo Rhaeadr Ddu. Ty Canol, huko Pembrokeshire, una mialoni iliyopindapinda kati ya majabali. Kwako wewe wa Bangor, anza na Coedydd Aber karibu na kijiji cha Abergwyngregyn. Misitu hii, tofauti na ule wa Wye, inaweza kutembelewa hata Januari, kwa sababu kigoga hakipukutiki na hunawiri zaidi kukiwa na mvua. Angalia tu saa yako: mwezi Desemba jua huzama yapata saa kumi jioni, na ndani ya msitu giza huingia mapema zaidi.

Ukikuta mwaloni wenye mashina matatu au manne yanayotoka kwenye kisiki kimoja kipana, umekutana na kazi ya mikono ya watu. Kwa karne nyingi miti hiyo ilikatwa karibu na ardhi, ikachipua, na baada ya miaka kadhaa machipukizi yakakatwa tena kwa ajili ya mkaa wa kuyeyushia chuma, huku magome yakipelekwa kwa watengenezaji ngozi. Msitu huhesabiwa kuwa wa kale huko ikiwa ardhi yake imekuwa na miti mfululizo tangu mwaka 1600, na kukatwa kwa namna hiyo hakuuondolei sifa hiyo. Kondoo wamefanya madhara makubwa zaidi, maana hutafuna kila mche unaochomoza, na mahali pengine utaona wazee watupu bila kijana hata mmoja.

Ukiweza kurudi Mei, sikiliza pia ndege. Kekeo anayelia kwenye misitu hiyo ametoka Afrika ya Kati, ambako hukaa wakati wa baridi ya Ulaya, na yule ndege mdogo mweusi na mweupe anayetaga kwenye matundu ya mialoni ametoka Afrika Magharibi. Hifadhi ya Gwenffrwd-Dinas, huko Carmarthenshire, ni mahali pazuri pa kumtafuta huyo wa pili.

SWALI: Je, naruhusiwa kuchuma maua, kitunguu saumu mwitu na uyoga nikapike nyumbani?

JIBU: Sheria ya mwaka 1981 ya kulinda wanyamapori inakataza kung'oa mmea wowote wa porini pamoja na mizizi yake bila ruhusa ya mwenye ardhi, na blubeli haziruhusiwi kung'olewa kwa ajili ya kuuzwa. Kuchuma majani, matunda au uyoga kwa matumizi yako mwenyewe hakuhesabiwi kuwa wizi, lakini katika hifadhi nyingi zipo kanuni za ziada zinazokataza hata hilo, kwa hiyo soma kibao cha mlangoni.

Ningehofia zaidi sumu kuliko sheria. Katikati ya vitunguu saumu mwitu huota mmea mwingine wenye majani yanayong'aa na yenye umbo la ncha ya mshale, nao huunguza mdomo na koo. Usichume kwa mafumba, bali jani moja moja, ukilifikicha na kulinusa kila mara, na ukikumbuka kwamba baada ya muda vidole vyako vitanuka kitunguu hata ukishika jani lisilo lake. Uyoga uache kabisa. Chini ya mialoni huota ule wa kijani kibichi hafifu uitwao Amanita phalloides, ambao mmoja tu unaweza kuliua ini la mtu mzima.

SWALI: Tutakuwa na watoto wadogo. Kuna wanyama wa kuogopwa?

JIBU: Wanyama wakubwa wanaowinda binadamu hawapo. Nyoka mwenye sumu ni wa aina moja tu, kipiri mwenye mstari wa pindapinda mgongoni, naye hukimbia mapema akisikia vishindo. Akimuuma mtu, pigeni simu namba ya dharura, 999. Anayestahili tahadhari yenu ni kupe, kwa sababu baadhi yao hubeba vijidudu vya ugonjwa wa Lyme. Wavisheni watoto suruali ndefu na kuzichomeka ndani ya soksi, na mkirudi wakagueni nyuma ya magoti, kwapani, kinenani na kwenye nywele. Kupe aliyekwisha kuuma ashikwe kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, avutwe juu polepole bila kusokotwa, na mahali hapo paoshwe. Msimpake mafuta wala kumchoma kwa moto. Ngozi ikitokea wekundu unaopanuka siku au wiki kadhaa baadaye, mpelekeni mtoto kwa daktari na mumweleze kwamba mlikuwa msituni.