Pachi imenyamaza: anzia wapi kutafuta

Wadogo zangu mnaoanza Pure Data (programu ya kutengeneza sauti kwa kuunganisha visanduku kwa kamba; mchoro wake ndiyo pachi), mafundi madau wa hapa Bagamoyo hawakalafati chombo kizima kwa sababu ya tundu moja. Wanatafuta kwanza maji yanapoingilia. Mimi sikuwa hivyo. Pachi yangu ya kuigiza ilimba (kinanda cha vidole gumba) iliponyamaza usiku mmoja, nilibadili vitu vitano kwa mpigo. Sauti ikarudi, nikalala na furaha. Asubuhi ikapotea tena, na sikujua hata kimoja kati ya vile vitano kilikuwa dawa.

Siku hizi nabadili kimoja, nasikiliza, kisha naendelea.

Hakikisha DSP, yaani swichi ya kuchakata sauti, imewashwa. Hilo tunalisahau wote, hata wazee wa kazi. Halafu fungua pachi mpya kabisa yenye visanduku vitatu: osc~ 440 (hutoa mlio), *~ 0.1 (huupunguza) na dac~ (huupeleka kwenye spika), huku dac~ ikiungwa matundu yote mawili, kushoto na kulia. Ukisikia mlio, kadi ya sauti na spika ni wazima, kosa ni lako. Usiposikia, acha pachi, nenda kwenye mipangilio ya sauti.

Kosa likiwa lako, usianze juu kushuka kisanduku kwa kisanduku. Ikate pachi katikati: ning'iniza env~ (kipimo cha nguvu ya sauti) kwenye kamba ya kati na uisomee namba. Desibeli 0 maana yake hakuna kitu. Ule mlio wetu mdogo husoma kama 77. Ikiwa katikati kuna sauti, tatizo liko chini yake. Ikiwa hakuna, liko juu. Gawa tena. Pachi ya visanduku thelathini haihitaji zaidi ya majaribio matano hivi.

Kilichonitesa kuliko vyote ni mpangilio. Kila noti ya ilimba ilitoka na nguvu ya noti iliyoitangulia. Nilihisi masikio yameniharibikia! Kumbe kwenye visanduku vingi vya namba, tundu la kushoto ndilo linaloamsha kazi, na la kulia hupokea tu na kusubiri. Nguvu ilikuwa inafika kulia wakati noti imeshaondoka. Na ukitoa kamba mbili kwenye tundu moja, usiamini macho: ipi inatangulia inategemea uliyoiunganisha kwanza. Weka kisanduku cha trigger hapo. Yeye hutuma kuanzia kulia kwenda kushoto, siku zote.

Ukisikia "tak" kila sauti inapoanza au kukoma, umeirusha nguvu yake ghafla kati ya 0 na 1. Ipitishe kwenye line~ (hupandisha au kushusha namba polepole) kwa milisekunde 20. Ikikwaruza, huenda umejumlisha sauti nne za 0.5 kila moja. Hiyo ni 2, na kadi inakata chochote kinachozidi 1.

Sasa mngurumo. Umeme wetu ni wa hezi 50, basi ukisikia mngurumo huko chini, chomoa chaja ya laptopu kabla hujagusa pachi. Niliwahi kuukata kwa kichujio. Ukaisha kweli, lakini ngoma nayo ikabaki haina tumbo.

La mwisho lilinitia aibu mbele ya mtu. Nilimrekodi mzee mmoja mpigaji zeze kwa sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48000 kwa sekunde, nikamchezea rekodi kwenye pachi iliyowekwa 44100. Pure Data haibadilishi yenyewe. Inasoma sampuli zilezile taratibu zaidi, na sauti inashuka karibu nusutoni moja na nusu. Mzee akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, zeze hili si langu. Langu halina mafua."

Nikabadili namba kwenye mipangilio kuwa 48000, nikaifungua upya. Akalitambua zeze lake kabla hata sauti yake haijaanza kuimba kwenye rekodi.