Shime sikio si kitenge

Dada yangu, sauti yako ya dakika sita nimeisikiliza mara mbili, kwanza nikiwa kazini, kisha jikoni pamoja na wifi yako. Umeuliza mambo mawili. La kwanza: ni kweli kwamba serikali ya Marekani inawapa watu wenye ulemavu vifaa bure, viti mwendo, shime sikio zile za kumsaidia mtu kusikia, kompyuta zinazosoma kwa sauti? La pili ndilo lililokutoa pumzi: kama ni kweli, kwa nini mjomba mtu hajamtumia mwanao asiyesikia shime sikio mpaka leo, na watu wanakuja Kigoma kila Desemba? Halafu nyuma ya sauti yako nikamsikia baba mdogo: "Mwambie yeye kapewa kiti mwendo cha umeme, anaficha nini?" Shikamoo, baba mdogo. Nimekusikia.

Nitajibu kwa urefu. Nimejibu kwa ufupi mara nyingi, na kila mara nimeonekana mchoyo.

Nianze na kiti. Mnakumbuka mlinisindikiza stesheni nikiwa kwenye kile cha msaada, ambacho fundi baiskeli wa Mwanga alikichomelea sehemu ya kuwekea miguu kwa nondo ya dirisha. Nilifika nacho Columbus, Ohio, gurudumu moja la mbele likiwa limepinda. Theluji ya kwanza ikakimaliza. Nikasema moyoni, haya, sasa ndipo Marekani itanionyesha ukubwa wake.

Ikanionyesha makaratasi. Hapa ukisema "serikali inisaidie", unaulizwa: ipi, na wewe ni nani kwake? Kuna bima inayoitwa Medicare, ya wazee kuanzia miaka 65 na ya baadhi ya wenye ulemavu waliokwisha kupokea malipo ya ulemavu kwa miezi 24. Hiyo hulipa asilimia 80 ya bei inayoikubali, ukishatoa kwanza kiasi chako cha mwaka, na kiti lazima uwe unakihitaji kwa kuzunguka ndani ya nyumba. Ukijieleza kwamba unakitaka cha kwendea sokoni na msikitini, umejichongea. Kuna Medicaid, ya wenye kipato kidogo, na kila jimbo lina taratibu zake. Mimi nilikuja kwa ndoa, nina kibali cha ukaazi wa kudumu, na kwa sheria ya 1996 mtu wa aina yangu kwa kawaida husubiri miaka 5 kabla ya kuruhusiwa kuingia humo. Kwa hiyo nilibaki kwenye bima ya kazini kwa mke wangu.

Bima hiyo ilitaka daktari aandike. Daktari akasema hawezi kuandika mpaka mtaalamu wa viungo anipime. Mtaalamu akanipima saa moja na nusu: urefu wa paja, upana wa nyonga, nguvu ya mkono, nalalaje, najigeuzaje. Kisha ikatakiwa barua ya kueleza kwa nini ninahitaji kiti. Dada, mguu wangu umelala tangu nina miaka mitatu, unajua wewe uliyenibeba mgongoni mpaka darasa la pili, lakini barua ilitakiwa. Wakakataa mara ya kwanza kwa sababu ukurasa mmoja ulikosa sahihi. Nikakata rufaa. Tangu siku ya daktari mpaka siku ya kiti ilikuwa miezi minane, na nililipa asilimia 20 kutoka mfukoni, kwa mafungu. Ni kiti kizuri, chepesi, nakisukuma kwa mikono. Umeme hakina.

Katika miezi hiyo minane nilitembeaje? Hapa ndipo ninapotaka msikilize vizuri, maana jambo lililonisaidia zaidi hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake.

Nilikaa juu ya kiti cha kuazima. Marekani ina sheria ya teknolojia saidizi, yaani vifaa vya kuwasaidia wenye ulemavu. Ya kwanza ilipitishwa 1988, ikaja nyingine 1998, na mpya kabisa ikatiwa sahihi Desemba 2022. Kwa fedha za sheria hiyo kuna programu 56, moja kwa kila jimbo, kwa mji mkuu Washington na kwa maeneo kama Puerto Rico na Guam. Yetu ya Ohio imewekwa chini ya chuo kikuu cha jimbo hapa hapa Columbus. Wengi wanadhani kazi yake ni kugawa, na wakifika wakakuta haigawi wanaondoka wamenuna. Kazi yake hasa ni nne: kukuonyesha kifaa na jinsi kinavyotumika, kukuazima ukakijaribu nyumbani kwako kabla hujatoa hela, kusaidia vifaa vilivyokwisha tumika vimfikie mwingine, na kusaidia watu wapate fedha, pamoja na mikopo ya riba nafuu.

Kiti changu cha kuazima kilitoka kwenye kituo cha vifaa vilivyotumika. Chini ya kalio palikuwa na kibandiko cha jina la mtu, na nilielewa bila kuambiwa kwamba mwenyewe hakihitaji tena. Walikisafisha, wakabadilisha breki, wakanipa. Hawakutaka barua ya daktari wala sahihi ukurasa wa nne. Sisi tunaazimana masufuria ya harusi, mabusati ya msiba na hata suti ya kwendea ukweni, lakini kwetu sijawahi kuona mahali ambapo magongo ya marehemu yanapokelewa, yanatiwa mpira mpya chini na kuazimwa kwa mwingine. Yanawekwa darini. Ya babu yapo darini hadi leo, na mnajua.

Nisiwe mtu wa kulalamika tu. Meza ninayofanyia kazi, inayopanda na kushuka kwa kitufe, na vipokea sauti vya masikioni ninavyotumia kutafsiri kwa simu, vyote vililipiwa na idara ya jimbo inayowasaidia wenye ulemavu kupata na kushika kazi. Hapo sikutoa senti. Baba mdogo, hiyo andika: nilipewa meza. Na nina rafiki asiyeona, mtu wa Kasulu, ambaye maktaba ya taifa inamletea vitabu vya kusikiliza kwa posta bila stempu, huduma iliyoanza 1931. Yeye ndiye anayenisimulia habari za dunia.

Tena, kifaa bila njia ni pambo. Kiti hiki kinakwenda kwa sababu basi linashusha ubao na kona za barabara zimekatwa mteremko, na hilo ni jambo la sheria, ile ya 1990 inayokataza kuwabagua wenye ulemavu. Kiweke Ujiji, pale kwenye mchanga karibu na miembe, vigurudumu vya mbele vitazama hatua ya tatu. Kwa njia zetu, kile cha magurudumu matatu chenye gurudumu refu mbele kinakishinda hiki cha bei mbaya. Cha umeme ndiyo usiseme: betri yake ikifa, mnabaki na kochi zito.

Sasa mtoto.

Dada, usidhani sikuuliza. Nilikwenda kwenye programu ile, nikaeleza kwamba nina mpwa Tanzania, ana miaka tisa, hasikii, yuko bweni Tabora kwenye shule ya viziwi. Wakanieleza kwa upole kwamba wao wanahudumia wakazi wa Ohio. Hilo nililitegemea. Lakini mama mmoja pale akaniuliza: "Alipimwa lini mara ya mwisho? Sikio lipi linasikia kidogo, na sauti za aina gani?" Nikakaa kimya. Mimi mjomba mtu, ninayejua namba ya kiatu chake, nilikuwa sijui hilo. Wewe unalijua?

Ndiyo maana nakataa kutuma. Shime sikio si kitenge, kwamba kikinunuliwa Kongo kitamfaa yeyote wa Kigoma, atakayezidiwa atapunguza kwa fundi. Inapangwa kwa kompyuta kufuata kipimo cha sikio la mtu huyo mmoja. Ya mzee aliyeanza kupoteza sauti nyembamba ukimvisha mtoto ambaye hasikii hata ngoma, haitamsaidia. Ya mtoto ambaye hasikii ukimvisha anayesikia nusu, unaweza kumharibia hata kile alichobakiza. Halafu kuna kile kiplastiki cha ndani ya sikio, kinachofinyangwa kwa umbo la sikio lake. Mtoto anakua na sikio linakua, kikilegea kinapiga mluzi, darasa zima linageuka, na mtoto anakivua na kukitia mfukoni. Kwa mtoto anayekua hufinyangwa upya mara kwa mara. Na betri zile ndogo za duara, ukishabandua kile kikaratasi zinaanza kwisha hata kama hakivaliwi. Nyingi hukaa wiki moja au mbili. Ningekutumia kifaa, Januari ungekuwa na kifaa, Machi ungekuwa na kipuli.

Mnasikia pia kwamba huku zinauzwa dukani kama miwani ya kusomea. Kweli, tangu Oktoba 2022. Lakini hizo ni za watu wazima, kuanzia miaka 18, wenye tatizo dogo au la wastani. Si za mtoto kabisa. Tena niwaambie kitu kitakachowashangaza: Medicare hiyo ya kawaida ya wazee hailipii shime sikio. Jirani yangu, mzee aliyefanya kazi kiwandani miaka mingi, alijinunulia zake kwa akiba yake, na moja ilipopotea akabaki na sikio moja. Nchi tajiri hii hii.

Mtoto wa kwetu angezaliwa hapa, mambo yangekuwa tofauti, nisikufiche. Medicaid inawajibika kugharamia shime sikio anayoihitaji mtoto aliyemo humo mpaka afike miaka 21. Shule ya serikali nayo inawajibika, kwa sheria ambayo mizizi yake ni ya 1975, kukaa na mzazi na kuandika mpango wa mtoto huyo peke yake, na kifaa kikiandikwa kwenye mpango, shule inakileta bila malipo. Wazazi hugombana na shule kuhusu mipango hiyo, lakini wana karatasi ya kugombania. Nilipoyajua hayo nilikaa kwenye gari nikamfikiria mtoto, sikuwasha injini kwa muda.

Lakini tusikae hapo. Na sisi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 2 kati ya hizo kwa watu wenye ulemavu. Najua mikopo ile ni ya biashara na haikusudiwi shime sikio. Ila wewe unauza mawese na unalea mtoto mwenye ulemavu. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, uulize kanuni za sasa zinasemaje kuhusu mzazi kama wewe. Mwulize pia orodha ya watoto wanaohitaji vifaa inaandikwa wapi, na jina la mtoto limo au halimo. Usitoke mpaka uone limeandikwa.

Na mtoto apimwe. Likizo ijayo, badala ya kushuka na treni kutoka Tabora kuja Kigoma, mpokee Tabora mwende naye Dar. Muhimbili wana wataalamu wa masikio, na tangu 2017 wanapandikiza hata vile vifaa vya ndani ya sikio, ingawa hivyo huwafaa zaidi watoto wadogo sana, usijipe matumaini mengi. Nauli na kipimo nalipa mimi. Wakisema shime sikio itamsaidia, waipange wao, wafinyange wao, nitatuma hela, na betri nitatuma kila baada ya miezi michache zikiwa na karatasi zake. Kikilazimika kutoka huku, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inasamehe ushuru wa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu, lakini msamaha huo unaombwa kwa nyaraka, haufanyiki kwa kuonewa huruma pale uwanjani.

Wakisema haitamsaidia? Hilo ndilo unaloliogopa, nalisikia kwenye sauti yako. Shule yake ilianzishwa 1963, walimu wanaijua lugha ya alama na mtoto anaiongea haraka kuliko tunavyoongea sisi. Mwaka jana kwenye simu ya video alinieleza habari ndefu sana kwa mikono, kuhusu mbuzi nadhani, au mwalimu. Wote tulicheka tukamwambia "sawa, sawa" kwa vidole gumba. Aliishusha mikono akaondoka. Mimi nimeanza kujifunza alama za Tanzania kwenye video, nina kama arobaini hivi. Wewe unazo ngapi?

Mpigie mwalimu wake wiki hii, umwulize kama mtoto ana kipimo chochote kwenye faili, na akipige picha. Nikipata picha hiyo nitampelekea yule mama anifafanulie mistari yake.

Baba mdogo, picha ya kiti nimeituma pia. Ikuze, angalia chini ya kalio na kwenye magurudumu. Ukiona waya niambie.