Mwalimu, Intel na AMD zisimame wapi kwenye somo la mihimili ya dola?

Shikamoo Mwalimu. Nimekuelewa: unataka kufundisha jinsi Bunge, Serikali na Mahakama zinavyodhibitiana, na umefikiria kutumia ushindani wa Intel na AMD, kampuni mbili zinazotengeneza chipu za kompyuta. Mimi nilishajaribu. Niliweka laptopu mbili mezani, kila moja na stika yake, mtoto wa nyuma akauliza, "Sasa hapo Mahakama ni ipi?" Nikaishiwa maneno.

Tatizo ni kwamba washindani hawadhibitiani kwa sheria. Kila mmoja anataka tu kumnyang'anya mwenzake wateja. Kwa hiyo usianze na kampuni, anza na kesi. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, iliipiga Intel faini ya euro bilioni 1.06, ikisema iliwapa watengenezaji wa kompyuta punguzo la bei ili waipe AMD mgongo. Intel ikakata rufaa. Mwaka 2022 mahakama ikaifuta faini, ikisema uchambuzi wa Tume ulikuwa na kasoro. Mwaka uliofuata Tume ikarudi na faini ya euro milioni 376 kwa sehemu ya kesi iliyobaki.

Hapo sasa wana cha kubishania: aliyeadhibu naye kahojiwa. Wagawe makundi matatu (Tume, Intel, majaji) na uwape dakika kumi.

Angalizo: Tume hiyo si serikali ya nchi, usiwaache waichore kama Ikulu. Na ukifika kwenye vifungu vya Katiba yetu, mwombe mwanasheria azipitie notisi zako kabla hujaingia darasani.