Jibu: Selimundu ukiwa mtu mzima

Dada wa Lindi, umeuliza kama nyonga kuuma na hedhi kuyumba ukiwa na miaka 46 ni umri au ni selimundu, huu ugonjwa wa damu wa kurithi. Pole sana. Mimi nina 52, niko Mikindani, nimezaliwa nayo.

Nyonga usisingizie umri. Seli zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo, kichwa cha mfupa wa paja kikakosa damu, kikafa taratibu. Mimi niliambiwa "uzee huo" miaka miwili, nikiokota korosho huku nachechemea. Nilipopigwa eksirei mfupa ulishabonyea. Omba upigwe sasa.

Na figo, dada! Diklofenaki tunazomeza kila tukiumwa zinaziumiza, na figo zetu tayari zimeelemewa. Pima mkojo na damu. Macho pia.

Hedhi kuyumba, hilo huenda ni umri kweli. Ila jasho la usiku linalokuja na umri huo linakausha maji mwilini, na maumivu huamka hapo hapo. Weka maji karibu na kitanda. Baridi nayo huyaamsha; kusi ikianza kuvuma, jifunike mapema.

Mama aliambiwa sitafika miaka kumi. Ukipata majibu ya eksirei, yaandike hapa tuyasome pamoja.